Sauti Yangu Ndani ya Gari Lile

Neno lenyewe nililisikia kwenye sherehe ya hina ya binti wa jirani yangu Bi Aida, na tangu siku hiyo halikunitoka: kwamba mwanangu Taib anakunywa, na akishakunywa huendesha gari.

Nililifanyia kila dawa. Nilisali, likabaki. Nilifua, nilipika, nilijilaza nikajifanya nina usingizi, nalo liko pale pale kama mwiba wa samaki kooni. Kila ukimeza mate, unaujua upo.

Kwa anayenikuta leo, mimi ni Mama Taib wa Kibokoni, Mombasa, mjane. Natunga vikuba, vile vishada vya asumini, na kuviuza sokoni Makadara. Masomo yangu yaliishia darasa la saba, kwa hivyo mniwie radhi ninapokosea.

Kina mama, kwanza niwaeleze habari za Ketty, mwanamke kijana wa bara, mke wa Dishon wa bandarini, mwenye kibanda cha kutengeneza simu kando ya meza yangu. Kakake aligongwa na dereva mlevi akafa, naye akafungua ukurasa wa Facebook akauita Wacha Funguo. Siku moja aliniomba niseme maneno mawili kwenye simu. Nikasema: "Mwanangu, ukinywa, wacha funguo mezani. Mamako yuko macho anakungoja."

Basi tu. Lakini watu walilia. Sauti ile ikazunguka mji mzima, ikavuka mpaka Nairobi. Nikaanza kuitwa Mama Funguo. Sokoni watu wananisimamisha, wanaomba niwasemee watoto wao.

Na mimi kichwa kikanivimba. Hapo ndipo wifi yangu Nana aliponivuta kanga pale kwenye hina.

"Wifi, nikikwambia neno, utanitaja?"

"Inategemea neno."

"Basi sikwambii."

"Nana!"

"Haya. Weye wafunza watoto wa watu kuwacha funguo. Wako je?"

"Wangu ana nini?"

"Ameonekana Mbaraki, kwenye kilabu kile cha nyuma ya maghala. Ametoka yuwacheka peke yake, akaingia garini, akatia moto, akaondoka."

"Nani aliyemuona?"

"Alimuona mtu."

"Na mtu huyo kilabuni alikuwa akifanya nini?"

Nana akahamisha tambuu shavu la pili. "Alikuwa akipita."

"Ajabu. Mji huu kila mtu hupita pale kilabuni, wala hakuna anayeingia."

Wanawake wakacheka. Nami nikacheka. Lakini mwiba ulikuwa ushaingia.

Taib ni mwanangu wa pekee. Anaifanyia kazi kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, kazi ya kupeleka makaratasi huku na huku, na wamempa gari, Probox nyeupe. Kila Alhamisi mimi humfukizia nguo udi: kanzu, mashati, mpaka viti vya gari. Na kwenye kioo cha ndani humtundikia kikuba kipya, asumini na mrihani na ua la kilua katikati, ili Ijumaa imkute ananukia.

Alhamisi ile nilimngoja na chetezo cha udi mkononi.

"Taib, watu wasema unakunywa."

"Kweli, Mama. Nakunywa chai. Na madafu, nikipata wa kuninunulia."

"Sitaki mzaha."

"Basi ninuse."

Akaniinamishia shingo kama alivyokuwa akifanya utotoni nikimkagua masikio. Nikanusa. Nikasikia udi. Udi wangu mwenyewe!

Angalieni akili ya mzazi. Nimefunika harufu kwa mkono wangu, kisha nanusa kwa pua yangu, kisha nasema alhamdulillahi.

"Niapie," nikamwambia.

"Wallahi, Mama. Weye ndiye Mama Funguo. Mimi nithubutu?"

Akanibusu mkono. Nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Hakuna sababu nyingine.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana kosa ni langu, hata Nana hawezi kunipokonya.

Siku moja Chirau, kijana wa tuk-tuk anayenibebea maua, alikuja akicheka. "Mama, leo askari wako na kile kipimo cha kupuliza, barabara ya kivukoni. Walevi watakiona!"

Nikamgeukia Ketty. "Tuwatangazie!"

Ketty akaweka bisibisi chini. "Mama Taib, tukiwaambia polisi wako wapi, si watapita njia nyingine?"

"Mtu akiambiwa kuna mbwa mkali mlangoni, hutoka?"

"Mwenye haraka zake atatokea dirishani, Mama."

"Wewe mwanao bado anatambaa. Wangu ameota ndevu. Nawajua hawa. Huogopa."

"Mimi kwenye ukurasa siiweki," akasema Ketty, pole pole, kwa heshima. "Nisamehe, Mama. Hiyo hapana."

Nikaona amenidharau. Nikasema moyoni, sauti ni yangu, simu ni yangu. Kule WhatsApp nilikuwa na kundi langu la watu walioipenda sauti, nisiowajua hata nusu yao. Nikaanza kuwatumia mwenyewe. Kila Jumamosi Chirau ananipa habari, nami natangaza.

Na walivyonishukuru! Vidole gumba, mioyo, na vikombe viwili vya manjano vyenye povu juu, vinagongana. Mimi nilidhani ni maji ya ukwaju. Nikamwonyesha Nana. "Tazama, wananinywesha sharbati."

"Sharbati gani yatoa povu?"

"Iliyokorogwa vizuri."

Nana akasema labda. Sote wawili hatujawahi kuona pombe ikimiminwa. Tungeijulia wapi?

Jumamosi ambayo siisahau, baada ya alasiri, nilikaa kwenye kigoda changu nikasema: "Watoto wangu, leo wako tena barabara ya kivukoni, na kipimo wanacho. Msijaribu. Wacheni funguo."

Shukrani zikaja kama mvua. Mmoja aliandika: "Mama Funguo uishi miaka mingi, tutateremkia chini kwa maghala."

Ile nusu ya pili sikuielewa. Ile ya kwanza niliijibu: Amin.

Magharibi hiyo Taib hakuja kula. Alipokuja usiku alipita moja kwa moja chooni, akaoga muda mrefu. Nikamuuliza gari liko wapi, akasema kwa Faiz, lina kelele kidogo. Faiz ni rafiki yake, ana gereji.

Asubuhi nikamkuta uani anafua shati lake mwenyewe. Taib, ambaye tangu azaliwe hajawahi kufua hata leso ya pua!

"Kulikoni?"

"Nakupunguzia kazi, Mama."

Nikafurahi. Haya yaandikeni: nilifurahi.

Makadara nikakuta kibanda cha Ketty kimefungwa. Jumapili huenda kanisani, lakini akirudi hufungua. Nikapanga maua yangu. Adhuhuri ikafika. Mara Chirau huyo, hacheki.

"Mama, mumewe Ketty amegongwa."

"Dishon?"

"Jana magharibi. Ile njia ya chini ya maghala, Mbaraki. Ametoka zamu bandarini, yuko na mkate kwapani. Aliyemgonga hakushuka hata kutazama."

Nikayaacha maua hapo hapo.

Hospitalini Ketty alikuwa kwenye benchi la nje, ameipakata kofia ya kazi ya mumewe, ile ngumu ya manjano, kama anavyompakata mwanawe. Hakuwa akilia. Aliponiona akasema, "Mama Taib, mguu wa kulia wanasema hauponi. Wanangoja daktari mkubwa. Na hajasema neno tangu jana."

"Mola yupo, mwanangu."

"Kwa kakangu pia alikuwepo," akasema. Nikaketi karibu naye.

Chirau akanigusa bega. "Mama, njoo kidogo huku."

Tukasimama kando ya mfereji. Alikuwa akiitazama ardhi.

"Mimi nilikuwa njia ile ile jana. Hilo gari lilinipita kabla ya kona. Vioo wazi. Mama, nilisikia sauti yako."

"Sauti yangu? Wapi?"

"Ndani ya gari. Wameiweka kwenye spika. 'Watoto wangu, leo wako tena barabara ya kivukoni.' Halafu kicheko. Halafu wakaingia kona, nikasikia kishindo."

Nikamtazama Ketty kule benchini.

"Umemwambia Ketty?"

"Ningeanzia wapi?"

"Gari gani?"

"Probox nyeupe. Lakini Mama, mji huu una Probox nyeupe kuliko paka."

Alisema vile kunituliza. Hakujua amenimaliza.

Njia nzima ya kurudi Kibokoni nilikuwa nikijiambia, paka, paka, ni wengi kama paka. Nilimkuta Taib ukumbini, amekaa bila simu. Mtu asiye na simu mkononi siku hizi ana jambo.

"Gari lina nini?"

"Nilikwambia, kelele."

"Kelele ya nini?"

"Taa."

"Taib, taa iligonga nini?"

Akafunika uso. "Sikumuona, Mama. Wallahi sikumuona."

"Usiniapie! Uliniapia siku ile!"

"Ulitaka niape, nikaapa."

Nilimpiga kofi. Halafu nikamshika kichwa kile kile nilichokipiga, nikakibana kifuani. Mwanamke aliyezaa atanifahamu.

"Mlikuwa mnasikiza nini garini?"

Akajaribu kujinasua.

"Nasema, mlikuwa mnasikiza nini?"

"Wewe." Sauti ilimtoka kama ya mgonjwa. "Kila Jumamosi kabla ya kuondoka tunakusikiza. Faiz husema, tungojeni Mama Funguo atupe ramani."

Ramani.

Nilidhani nawafungia njia, kumbe nawafungulia. Nilipowaambia barabara ya kivukoni haipitiki, nilikuwa nawaambia njia ya chini ni nyeupe. Na njia ya chini haina taa. Na magharibi watu wa bandarini hutokea huko huko na mikate yao.

"Unamjua uliyemgonga?"

"Mtu wa bandarini."

"Ni Dishon."

Aliinua kichwa.

"Dishon wa Ketty. Aliyembeba babako mgongoni ngazi zote hizi, siku alipozidiwa na ugonjwa, machela ikashindwa kupita kwenye kona ya ngazi. Huyo ndiye uliyemwacha barabarani."

Taib akatapika pale pale kwenye mkeka.

Sijamaliza kupangusa, Nana akaingia. Kumbe alikuwa ameshaambiwa na mamake Faiz. Habari ya aibu haihitaji WhatsApp.

"Wifi, funga mlango," akasema. "Sikiza. Jambo limekuwa. Mtoto ataondoka aende Lamu kwa amu yake. Gari litatoka kwa Faiz lina taa mpya. Huyo mgonjwa tutamchangia, tena vizuri. Sitara, wifi. Mola mwenyewe husitiri waja wake."

"Na mguu wa mtu, Nana? Huo unausitiri na nini?"

"Ukimtoa mwanao, mguu utaota?"

"Na polisi?"

"Polisi wamekuja? Hawajaja. Basi weye ndiye utakayewaita? Mama Funguo, mwanawe mlevi! Kesho watu wote wataitia picha yako kwenye simu zao, wakucheke mpaka kaburini. Na yeye atafungwa, na weye utabaki na nani ndani ya nyumba hii?"

Taib alinishika nguo. "Mama, nisitiri."

Sikusema ndiyo. Sikusema la. Nilinyamaza. Nana akakuhesabu kunyamaza kwangu ni ndiyo, akaingia chumbani kumpangia begi. Na ukweli ni kwamba mimi pia nilikuhesabu hivyo.

Jioni nilikuwa nimekaa ukumbini natunga maua, si kwa kuuza, mikono tu ilitaka kazi. Taib yuko nyuma ya pazia la chumba, begi limefungwa, anangoja mtu wa kumpeleka stendi. Mlango ukabishwa.

"Hodi, Mama Taib."

Ketty.

Nana akanitolea macho. Nikasema karibu, maana ningesema nini?

Ketty akaingia, akavua viatu kama kawaida yake, akaketi mkekani mbele yangu. Mkeka ulikuwa bado na unyevu. Hakuuliza.

"Wameukata, Mama."

"Pole, mwanangu."

"Juu ya goti."

"Pole, mwanangu. Pole."

"Lakini amezinduka. Amesema maneno machache." Akavuta pumzi. "Anasema gari lilikuwa jeupe. Anasema lilisimama kwanza, taa zikammulika usoni, yeye amelala chini. Akainua mkono. Likarudi nyuma, likamzunguka, likaenda."

Nyuma ya pazia sikusikia kitu. Hata pumzi.

"Na kwenye kioo kulikuwa na maua yananing'inia. Anasema hata akiwa chini alisikia harufu. Kikuba, Mama. Dishon anakijua kikuba, si kila siku akinijia dukani humchukulia mtoto kimoja mezani kwako? Anasema kilikuwa na kilua katikati."

Nana akakohoa. "Vikuba viko vingi mjini."

"Vingi, shangazi. Lakini vya kilua katikati, Makadara nzima ni mkono mmoja tu." Akanitazama. Machoni mwake hamkuwa na shaka hata chembe. Laiti angekuwa nayo! Alinitazama kama mtu aliyefika kwenye kisima. "Mama, wateja wako wote unawajua. Ni nani hununua kikuba cha gari?"

Nikadunga ua jingine kwa sindano.

"Polisi sijawaambia bado. Nikasema nije kwako kwanza, wewe ndiye mamangu hapa. Tutoe sauti, Mama, niiweke kwenye ukurasa. Watu hukusikiza. Sema tu, aliyekuwa na gari lile ajitokeze. Na kama unamjua, mtaje. Hakuna atakayebishana na sauti yako."

Akafungua simu. Akabonyeza. Ile alama nyekundu ikaanza kuwaka na kuzima. Akaninyooshea simu mpaka karibu na midomo.

Nana alikuwa akitikisa kichwa, la, la, la. Pazia lilisogea kidogo, nikaona vidole vya mwanangu vimelishika. Sindano ya kutungia ilikuwa imeniingia kidoleni, damu inapaka asumini, na mimi siihisi.

"Sema, Mama," akasema Ketty. "Inarekodi."

Nikafungua kinywa, nikamtaja Taib.

Kina mama wenzangu, sauti ikishatoka hairudi, na mimi yangu imeshakata mguu wa mtu. Ninyi mngali na nafasi. Jiepusheni na haya:

Msitangaze askari walipo. Mlevi hasikii onyo, husikia njia.

Msimfukize mtoto udi kabla hamjamnusa.

Msimuapishe. Mwambieni aweke funguo mkononi mwenu.

Msijibu amin kwa maneno ambayo hamjayasoma mpaka mwisho.

Msifurahie shukrani za msiowajua, wala vikombe vyao.

Msimdharau mdogo anapowaambia, hiyo hapana.

Msipande gari la aliyekunywa, wala msimwache aondoke nalo, awe kaka, awe bosi, awe mume.

Msiseme wangu hawezi.

Msiite sitara jambo ambalo mwingine analilipa kwa mwili wake.

Na msitundike maua kwenye gari ambalo hamjui jioni huenda wapi.